Papa na Freni Zake

Juzi, hapa Kenya, jirani yangu alibadilisha garnitire za freni, yaani bitana za breki, mbele ya mlango wake. Kwa pense moja tu, yaani koleo, alivuta springi, akazirudisha, na kabla sijamaliza kuanika nguo, kazi ilikuwa imekwisha. Nikacheka peke yangu.

Wakati Katanga, kule Kongo, ilipojitenga, nilikuwa mtoto, na askari walipita mitaani mchana wakichukua motokari za watu. Kila mchana Papa, baba yangu, alitandika gunia uani, akafungua gurudumu lilelile la motokari yetu na kung'ang'ana na springi zilezile kwa pense. Harufu ya grisi ilimfuata hadi mezani. Niliamini hakuna fundi mbaya kama yeye.

Siku moja askari wawili waliingia uani. "Hii motokari inatembea?"

Kabla Papa hajajibu, nilidakia kwa hasira: "Papa hajue kazi! Kila siku anafungula palepale, na freni haiponi!"

Walicheka sana, wakamwambia atafute fundi wa kweli, wakaenda zao. Papa aliketi juu ya gunia, machozi yakimtoka. Nilidhani nimemtia aibu. Lakini Mama alininyanyua, akanikumbatia huku akicheka.

Freni zile zilikuwa nzima tangu siku ya kwanza.