Mto Wetu Juu ya Meza

Katika hoteli ninayofanyia kazi hapa Doha, ukiwapelekea wawekezaji kahawa unakuwa kimya kama maji mtungini, macho chini. Siku ile macho yalinishinda. Katikati ya ukumbi waliweka mezani mfano wa mji wenye mto wa kioo cha buluu, na kando yake hoteli, migahawa na miti midogo ya plastiki. Nikaona daraja. Nikaona mnara wa kanisa nililobatiziwa. Trei nusura iniponyoke. Ulikuwa mto wa kwetu, Nairobi!

Nilifurahi kama mwehu, sitaficha. Kila Ijumaa mimi na mwenzangu wa chumbani hutoka mtaani kwetu Najma kwenda Corniche, barabara ya ufukweni, tukatembea kando ya maji tukiulizana kwa nini kwetu mto ni wa kutupia takataka. Sasa mambo ndiyo hayo! Nikapiga picha upesi, nikamtumia mama.

Msemaji alikuwa akieleza kwamba mto ule umelala, na ukiamshwa utaleta watalii, kodi na ajira. Umelala? Mto huo ndio unaonywesha sukuma wiki ya mama, na sukuma wiki ndiyo iliyonisomesha! Nikaanza kuwaka. Ndipo nikarudisha macho mezani kutafuta paa letu, pale baada ya kanisa, kwenye kona ya mto. Halikuwepo. Palikuwa na mgahawa, na vijitu vya plastiki vimekaa vinakunywa kahawa. Mgeni mmoja aliinua kikombe wala sikumwona, mpaka msimamizi akaninong'oneza, "Yalla, upesi dada, kahawa!"

Simu ya mama ilinikuta jikoni.

"Woi, Doha ni kuzuri!" akasema. "Hapo ndipo unakaa?"

"Mama, hiyo si Doha. Ni hapo kwetu. Angalia daraja."

Akacheka. "Wacha mchezo." Kisha nikamsikia akimwita jirani aje na miwani. Wakanong'onezana kwa muda. Aliporudi kwenye simu, kicheko kilikuwa kimekwisha.

"Kanisa nimeliona," akasema. "Daraja nimeliona. Sasa mimi niko wapi?"

Kule ukumbini walikuwa wanapiga makofi.

"Hujawekwa, mama," nikamwambia.