Kukipigia Chakula Hodi Mjini Lyon

Nilikwenda Lyon, Ufaransa, kwa sababu ya dada yangu Loise, na wakati huo Loise alikuwa amefariki mwaka mmoja kasoro mwezi. Mimi ni mlinzi katika jengo moja la ofisi Jumeirah Lake Towers, Dubai. Kazi yangu ni kuandika majina ya wanaoingia na saa wanazotoka. Loise alikuwa yaya wa familia ya Wafaransa, majengo matatu kutoka kwangu. Alimlea binti yao Manon tangu akiwa na miaka minne, na kila kiangazi Dubai ilipochemka walimchukua wakaenda naye miezi miwili kwa wazazi wa baba yake Manon, ambaye sote tulimwita Sir, huko Lyon. Halafu akaugua siku kumi na moja, akafa. Nilimsindikiza mpaka kwetu Vihiga, Kenya, ndege moja, yeye chini na mimi juu. Tukamzika, nikarudi kazini. Sikulia. Wengine hulia siku hiyo hiyo. Mimi niliona kama zamu yangu haijafika.

Mwezi wa nne Sir aliniandikia kwenye simu. Walikuwa wameshahamia Lyon moja kwa moja. Wangefanya chakula cha ukumbusho wa Loise, na walitaka kunilipia safari ili nikawaongozee ile mila ya kwetu ya kabla ya kula. Nikauliza, mila gani? Akajibu kwa adabu sana, kama mtu aliyedhani nampima. Watu wote husimama, akaandika. Hugonga meza mara tatu. Hukiambia chakula "hodi". Kisha hungoja chakula kijibu "karibu". Loise ndiye aliyekuwa akijibu kwa niaba ya chakula. Tangu afe walikuwa wanagonga, wanangoja kidogo, wanakaa bila jibu, kwa sababu waliona si haki yao kujibu. Anayefaa ni mtu wa ukoo.

Kwetu Maragoli tunaomba, tunakula. Sijawahi kumwona mtu akikipigia ugali hodi.

Nilielewa pale pale. Loise alikuwa mtunzi wa mambo tangu utotoni. Darasa la tatu alimwambia mwalimu kwamba ukoo wetu hauruhusiwi kushika kalamu siku ya Jumanne, na mwalimu alikaribia kuamini. Akaniita mimi, kaka mtu, nithibitishe. Nikasema sijawahi kusikia. Loise alichapwa, akakaa juma zima bila kunisemesha, kisha akaniambia, "Enos, wewe huwezi kukiacha kitu kizuri kikae."

Sasa nilikuwa naitwa tena nithibitishe. Nikisema kweli, nitamharibia mara ya pili, na safari hii hayupo kujitetea. Nikinyamaza na kujibu hiyo karibu, nitakuwa nimedanganya watu waliomlilia, tena katika ukumbusho wake. Nilimweleza Kiprop, ninayelala naye chumba kimoja. Akacheka mpaka kitanda cha juu kikalia.

"Kwa hivyo wewe umeitwa Ulaya kuwa sauti ya kuku."

"Ndivyo Sir alivyoandika."

"Nenda, ndugu yangu. Mimi ningekuwa hata sauti ya kabeji."

Katika ofisi ya viza, Jumatatu asubuhi, dada wa dirishani alisoma barua ya mwaliko mara mbili.

"Wewe ni padri?"

"Hapana, madam. Ni mlinzi."

"Hapa pameandikwa unaenda kuongoza mila. Mila gani?"

"Kukipigia chakula hodi."

Aliweka kalamu chini. "Hufanywaje?"

"Sijui, madam. Sijawahi kuiona."

Alimwita mkubwa wake, naye akauliza yale yale, nikajibu yale yale. Mkubwa akataka kujua kwa nini basi wamenialika mimi. Nikasema kwa sababu marehemu dada yangu aliwadanganya. Walitazamana. Yule dada wa dirishani akasema kila anayekuja kwake anaenda kuona mnara wa Paris, na kwamba nilikuwa wa kwanza ambaye jibu lake lisingeweza kutungwa. Viza ilitoka baada ya siku tisa.

Alhamisi asubuhi msimamizi wangu alinitolea pasipoti kabatini, akasema, "Yalla, haya nenda, Enos, Jumanne uwe langoni," nikaenda uwanja wa ndege. Tulikaa angani muda wa saa saba. Walipoleta trei ya chakula niliitazama muda mrefu. Abiria wa jirani akaniuliza kama kuna kitu kibaya ndani yake.

Lyon tulitua saa moja jioni, jua bado liko juu. Sir na Manon walikuwa wakingoja. Manon alikuwa na miaka tisa, miguu mirefu, na alipofungua mdomo nilishika toroli kwa mikono miwili.

"Anko Enos! Mbona umekonda hivi? Kwani Dubai hawakupi chakula? Aki lete hiyo mkoba, wacha maneno mengi."

Nilikuwa sijasema neno. Kiswahili chake kilikuwa na mlio wa Vihiga, kikipanda na kushuka mahali pale pale alipopandisha na kushusha Loise. Sir akaniambia kwa Kiingereza, "Anazungumza vizuri, sivyo?" Nikasema ndiyo.

Nyumbani kwao walikaa pamoja na wazazi wa Sir: Bibi Odeti, aliyepika miaka mingi katika mkahawa mdogo wa mjini, na Babu Rene, aliyekuwa na magoti mabovu. Madam alinikumbatia na kunionyesha picha ya Loise ukutani. Kisha tukaenda mezani, na nikaiona mila ya kwetu kwa mara ya kwanza.

Supu ilikuja. Wote wakasimama, wakagonga mara tatu. "Hodi," wakasema, kwa pamoja, nyuso zimeinama. Wakangoja. Wakanitazama. Nikasema nimetoka safari, naomba niwe mgeni tu mpaka Jumapili, wakaona hiyo pia ni mila. Tukakaa. Lakini Wafaransa hawali kama sisi, kila kitu sahani moja. Baada ya supu ilikuja nyama, na kwa kuwa kila sahani ni nyumba nyingine, tulisimama tena. Tukasimama kwa majani mabichi. Tukasimama kwa jibini. Kufikia maziwa ya mgando, Babu Rene alikuwa anajiinua kwa kushika meza, akisema kitu kwa sauti ya chini.

"Babu anauliza," Manon akanitafsiria, "huko Kenya mnasimama hata kwa maziwa ya mgando?"

"Mwambie kwetu hatusimami."

Manon alinitazama kidogo, akamgeukia babu yake, akasema maneno machache. Mzee akatikisa kichwa kwa huruma.

"Umemwambia nini?"

"Nimemwambia umechoka."

Ijumaa Bibi Odeti na Manon walinitembeza mjini. Lyon ina mito miwili inayokutana, na kilima chenye kanisa jeupe juu yake. Nyumba za mji mkongwe zina rangi ya ugali wa wimbi, na nyingine ya malenge. Kilichonishtua ni vichochoro vyao. Unasukuma mlango wa nyumba ya watu, unapita chini ya ngazi zao na mbele ya masanduku yao ya barua, unavuka ua wao, unatokea barabara nyingine. Bibi alisema zamani wafuma hariri walivitumia kubeba vitambaa visinyeshewe. Mimi nilikuwa natafuta kitabu cha kuandika jina na saa. Hakipo. Katika ua wa tatu nilisimama nikamsalimu mama mmoja aliyekuwa akianua nguo, nikamweleza sisi ni nani na tunaelekea wapi, kwa Kiswahili. Aliitikia kwa kichwa. Nilijisikia nafuu.

Mchana tulikula katika mkahawa ule wa Bibi. Meza zimebanana, vitambaa vya miraba myekundu, na mtu wa meza ya pili anaweza kukukatia nyama yako. Mpishi mnene alitoka jikoni, akagonga sufuria kwa mwiko mara tatu, na watu kama arobaini wakasimama. "Hodi!" wakaiambia milo yao, kama Bibi alivyowafundisha. Mzee mmoja alikuwa ameshaanza kula; alitoa kipande mdomoni, akakirudisha sahanini, akasimama. Mgeni mmoja alipouliza, mpishi alimweleza kwa kirefu. Manon akanong'ona, "Anasema ni ya zamani sana, kabla ya wazungu." Kisha mpishi akanionyesha kwa mkono, na wote arobaini wakaniinamia.

Niliinamia sahani yangu. Ilikuwa matumbo, yamepakwa unga wa mkate na kukaangwa. Miaka sita Dubai sikuwa nimepata matumbo. Ladha ilikuwa ya nyumbani kabisa, na hilo lilizidi kunichanganya.

Jumamosi asubuhi, kando ya mto, nilimwambia Manon kwamba kesho nitasema kweli.

"Najua," akasema. "Anti aliniambia wewe uko hivyo. Alisema ukiibiwa, wewe utamwonyesha mwizi mahali alipoangusha kisu."

"Ulijua si mila yetu?"

"Mimi ndiye wa kwanza. Nilikuwa sili. Anti akasema, wewe hukipendi chakula kwa sababu unakiingilia bila hodi. Nikagonga, karoti ikasema karibu. Niliona mdomo wa Anti ukicheza, Anko, mimi si mjinga. Lakini nikala. Siku moja Mama akatukuta. Anti akaogopa kugombezwa kwa kuchezea chakula. Akasema, madam, ni mila yetu."

Alirusha kijiwe majini. "Ukisema, Babu ataacha. Yeye anangoja tu sababu."

Niliokota kijiwe, nikakirusha na mimi.

Jumapili adhuhuri meza ilitandazwa uani, watu ishirini, majirani na yule mpishi wa mkahawa akiwemo. Picha ya Loise iliwekwa kwenye kiti. Kuku wa Bibi Odeti akaletwa kwenye chungu, na mvuke ukapanda. Wote wakasimama, wakanigeukia mimi.

"Manon, nitafsirie."

"Kweli kweli?"

"Kama nitakavyosema."

Nikasema nawashukuru. Nikasema kwetu tunaomba, tunakula, na hakuna mtu Maragoli wala Kenya nzima anayekipigia chakula hodi. Nikasema dada yangu aliitunga siku moja kwa ajili ya mtoto na karoti, akaogopa kumwambia madam. Nikasema hakuwa mtu mbaya. Nikasema samahani.

Manon alitafsiri yote. Nilijua kwa sababu alilia akitafsiri. Yule mpishi wa mkahawa alikaa chini taratibu, akashika kichwa, pengine akiwawazia wale wateja wake arobaini. Madam alitazama picha. Babu Rene ndiye aliyesema kwanza.

"Babu anasema, viangazi vinne na mwaka mzima. Kwa magoti haya."

Akakaa. Hakuna aliyemlaumu. Na hakuna aliyegusa kuku. Mvuke ulipungua, kijiko cha kupakulia kikabaki pale, watu ishirini wakitazama chungu kama kimefungwa kwa kufuli.

Bibi Odeti akaniuliza jambo, na Manon akapangusa pua ndipo akatafsiri.

"Anauliza, kwa hivyo hakuna watu wengine wowote duniani wanaofanya hivi?"

"Hakuna, Bibi."

"Ni hapa tu?"

"Ni hapa tu."

Alifikiri. "Basi tukiacha sisi," akasema, "imekwisha."

Nilisikia kiti kikikwaruza chini. Babu Rene alikuwa anajiinua, mkono mmoja mezani, akinung'unika. Aliposimama wima aligonga mara tatu, kwa nguvu, vikombe vikaruka.

"Hodi," akasema.

Wote wakanitazama. Nilifungua mdomo. Niliitaka ile sauti na haikuja. Kilichokuja ni kilio cha mwaka mzima. Ndipo chini ya meza, karibu na magoti yangu, dada yangu akajibu kwa mlio wa Vihiga: "Karibuni. Kaeni mle, kwani mnangoja nani?"

Manon akatoka chini ya kitambaa cha meza, magoti yana vumbi. Watu wakaketi, sahani zikapita. Nilikula nikilia, na mpishi wa mkahawa, bila kuuliza, akaniongezea mchuzi.

Jumatatu nilirudi Dubai, na Jumanne nilikuwa langoni nikiandika majina. Kiprop alitaka kujua kama kuku alijibu. Nikamwambia alijibu, ila si kwa sauti yangu. Akasema basi nimelipiwa nauli bure. Mimi sioni hivyo. Nilikwenda nikidhani kwamba kusema kweli na kumharibia Loise ni kitu kimoja, kwa sababu tulipokuwa wadogo kilikuwa kimoja. Nimeona watu wakiambiwa kweli yote, na bado wakasimama.

Ijumaa, siku yangu ya mapumziko, nilimpigia Mama simu Vihiga. Tangu tumzike Loise anakula peke yake jikoni. Nilimsimulia toka mwanzo.

"Na uliwaambia?"

"Niliwaambia, Mama."

"Nilijua tu." Kisha nikamsikia akicheka, kitu ambacho sikuwa nimekisikia mwaka mzima. "Huyo mtoto wangu Loise. Mpaka Wazungu." Akacheka tena, akapenga kamasi. "Ni mara ngapi, ulisema?"

"Tatu."

Nikasikia kifuniko cha sufuria kikigongwa, mara moja, mara ya pili, mara ya tatu.

"Hodi," akasema Mama.

Chumbani Kiprop aliacha kupiga pasi, akanitazama.

"Karibu, Mama," nikasema. "Kaa ule."