Kibofu ya Zamani

Batu ba hapa Baraka banapenda kuuliza mugonjwa maswali ya bule. «Balikuponesha?» Najibu ndiyo, bajiendee. Kansa ya prostate, ile kiungo ya banaume chini ya kibofu, balinichoma na mionzi ngambo ya mupaka, ikaisha. Lakini mionzi iliharibu kibofu pia. Nilikojoa damu miezi na miezi, mupaka banganga ba hospitali bakaiondoa. Bakakata kipande ya utumbo yangu, bakashona kibofu ingine. Kitu ya kupitisha bugali, njo inabeba mukojo leo.

«Hii mupya haitakuita,» munganga aliniambia. «Utaenda kwa saa, kila masaa tatu. Na utumbo inatoa makamasi. Ikiziba, ingiza sonde, ule mupira mwembamba, usafishe na maji ya chumvi. Ukiacha ijae sana, inaweza kupasuka.»

Sawa. Lakini hakuniambia kama ile ya zamani itaendelea kuniita.

Inaniita kweli. Niko nakula, niko kanisani, naisikia: haraka, haraka, sawa vile zamani. Nakimbia chooni, nasimama, hakuna kitu. Sijue balitupa wapi ile kibofu. Siku moja mama yangu mukubwa aliniuliza, «Uliizika?» Kwetu hata kitovu ya mutoto banazika. Nilikasirika, nikamwambia aache ujinga. Kisha nikabaki na woga siku muzima.

Bibi yangu, muke wangu, nilimukataza kuona. Sonde, pampasi, kovu ya tumbo yenye kufa ganzi, yote niliifungia mulango. Aliolewa na mwanaume muzima, na mi nilitaka abakie na ule.

Basi tulienda Lweba kwa kilio ya shangazi yangu. Banaume tulikaa chini ya shitingi, ile turubai ya plastiki, pasta anahubiri, na mi niliona haya kusimama kila mara nikitazama saa. Nikasema moyoni: leo nitaenda ikiniita. Ikaita. Nikaenda nyuma ya migomba, nikakamua tumbo, tone moja. Nikarudi. Ikaita tena. Tone. Nikafurahi: kumbe niko mutupu! Mujinga mimi. Makamasi ilikuwa imeziba, na mi niko namutii mutu hayuko.

Jua ilikuwa ingali juu wakati jasho ilinishika. Nikatazama chini: tumbo imesimama mbele yangu sawa ya mwanamuke wa mimba, na haikuuma hata kidogo. Ile kutouma njo ilinitisha zaidi.

Bibi yangu aliniona toka kwa bamama. Akakuja mbio, akanishika mukono mbele ya batu bote, akaniingiza ndani ya nyumba ya marehemu, akafunga mulango.

«Toka,» nikamwambia. «Nitajifanyia mwenyewe.»

Sonde ikaniponyoka, ikaanguka kwenye vumbi.

«Aka! Unataka tulie batu babili leo?»

Akanawa na sabuni, akafungua sonde ingine kwenye mufuko yangu, akaipaka dawa ya kutelezesha, na hakuniuliza kitu. Alijua yote. Wakati nilikuwa nimelala pale hospitali, kumbe aliomba mama infirmière, ule muuguzi, amufundishe. Toka siku ile alikuwa anangojea nimuite, na mi sikumuita.

Maji ya chumvi iliingia, makamasi ikatoka, kisha mukojo. Beseni ikajaa, akamwaga, ikajaa tena. Ni masikio tu iliniambia kama niko nakojoa. Na katikati ya ile, kibofu ya zamani ikaita, kwa nguvu, sawa mutu anapiga mulango. Nikaogopa sana, nikaanza kulia. Njo pale nilimwambia yote, mara ya kwanza: vile inaniita, vile nakimbia, vile sijue ni nani ananikimbiza.

Hakucheka. Aliweka kiganja chini ya kitovu, juu ya kovu, akafinya polepole.

«Unasikia mukono yangu?»

Niliiona mukono yake. Sikusikia kitu.

«Nasikia,» nikamwambia.