Vitenge vya Mama na Mdudu wa Seli Moja

Siku ya tatu ya dawa, mama alianza kugawa vitenge vyake. Cha maua mekundu alimpa dada yangu, cha buluu akanipa mimi, akaniusia nisikifue kwa sabuni kali. Sisi hatukutaka vitenge, tulimtaka mama.

Alikuwa akihara damu. Hospitali ya kambi yetu ya wafanyakazi wa mgodi, pale Panda, ilimwandikia vidonge vya siku kumi na karatasi ikasema ni amiba. Lakini kambini kila mtu alijua kwamba mdudu wa tumboni akipigwa dawa hutoka, na akitoka huonyeshwa. Jirani yetu alimtembeza wake nyumba kwa nyumba ndani ya kopo la maziwa, mrefu kama kamba ya kiatu. Mama alimngoja wake siku tatu, hakuona kitu, akaacha vidonge.

"Yangu iko nguvu," aliniambia. "Iko nakula hata dawa."

Wiki ileile mwalimu wetu wa sekondari alikuwa ametuchorea amiba ubaoni. Nikamletea mama daftari. Nikamweleza kwamba mnyoo wa jirani ameundwa kwa seli nyingi mno, hizi za ngozi, zile za tumbo, kila moja na kazi yake, ndiyo maana anaonekana. Amiba ni seli moja tu. Hiyohiyo inakula, inatembea, inajigawa zikawa mbili, na jicho haliioni hata ikitoka.

Mama alilifunga daftari langu.

"Bile ni bya ku masomo."

Nililia kwa hasira. Subira sina, na hata wakati ule sikuwa nayo.

Kesho yake nilimkokota hospitali. Choo chake nilikibeba ndani ya kiberiti kitupu, kama tulivyofanya wote, nimekibana kwapani kisipoe, kwa sababu amiba ikipoa haitembei. Mpimaji wa maabara, abakosti yake, lile koti lisilovaliwa na tai, imefungwa mpaka shingoni, aliangalia kwanza mwenyewe, kisha akamkalisha mama mbele ya hadubini. Mama alifumba jicho moja, akachungulia.

"Kichwa iko wapi?"

"Haina na kichwa, mama," mpimaji alimjibu.

"Na tumbo?"

"Haina. Ni yeye moja tu, anafanya byote."

Mama akainua uso.

"Kumbe iko selibateri! Hana na bibi, anapikaka ye mwenyewe, anafagiaka ye mwenyewe. Miye niogope huyu?"

Akacheka mpaka akashika tumbo, akaomba maji, akameza palepale vidonge nilivyokuja navyo. Mimi nikaketi sakafuni.

Damu ilikoma. Jumapili alirudi kutoka misa, akamaliza sahani nzima ya bukari, ugali wetu, kisha akasimama mbele yetu, mkono ameunyoosha.

"Bikwembe byangu."

Dada alikwenda kukivua kitenge chake. Cha buluu nilikitoa chini ya mto. Nilikuwa sijakikunjua hata mara moja.