Mfungua Madirisha wa Jumba la Roma

Ornella, mkata tiketi, humjua mzee mtunza vyumba kwa mlio wa funguo. Kila asubuhi mzee huvua viatu, akabaki na soksi nene asikwaruze sakafu, kisha hupita akifungua mbao za madirisha, hili lote, lile upana wa vidole viwili. Picha za kale za rangi zimebanana ukutani mpaka darini, naye huzisalimia kwa kidevu. Mikono yake inanukia nta. Jumanne moja bibi mwenye jumba alishuka mapema kuliko kawaida kutoka ghorofa anayoishi, na kandambili miguuni, akifuatwa na fundi umeme aliyebeba taa.

"Wageni wanalalamikia giza," bibi alisema. "Tukishafunga taa, madirisha yatabaki yamefungwa. Nawe utakaa nyumbani, upumzike."

Mtunza vyumba alitazama saa. "Nipe dakika kumi, bibi."

"Kwani picha zitakimbia?" fundi akamcheka.

"Hapana. Ila moja huanza kazi saa nne na nusu."

Walisimama mbele ya picha ya babu wa ukoo, mnene, ameketi mezani penye zabibu. Saa ilipofika, mzee alisukuma ubao kidogo kwa kidole gumba. Jua likateleza juu ya zabibu, likapanda bega la babu, na pale penye weusi mtupu akatokea mtumishi aliyechorwa akimtolea bwana wake ulimi.

Bibi, aliyezaliwa humo, alisogea karibu. "Huyu amekuwepo siku zote?"

"Kila siku, bibi. Ila wewe huamka saa tano."

Ornella aliziba mdomo. Bibi alicheka mpaka akashika ukuta, kisha akamgeukia fundi. "Hizo taa kazifunge chooni. Huko ndiko wageni wanakojikwaa."