Sindano Bila Dawa

Nilikuwa kibarua Kehancha, nikaanguka kutoka juu ya banda la kukausha tumbaku. Mkono wa kulia ukabaki unaning'inia kama soksi kwa kamba. Miezi minne haukuinua hata kijiko. Mama aliita mzee wa kuchanja, akanikata begani na wembe, akapaka unga mweusi. Kwa hivyo tulipofika hospitali Homa Bay, na daktari mgeni kutoka Nairobi akatoa sindano nyembamba yenye waya, Mama alijua tu: kitu kikiingia chini ya ngozi, kinaingia na dawa.

"Hii haina dawa," daktari akasema. "Inasikiliza umeme wa msuli."

"Kama ni umeme, daktari, vuta mpaka kwetu. Sisi bado ni taa ya koroboi," nikamtania.

Hakucheka. Akadunga, akaniambia nilegeze mkono kabisa. Mashine ikaanza: tap, tap, halafu mfululizo, kama mvua kwa mabati. Mama Kiswahili kilimpita, lakini hiyo aliisikia. Akaruka.

"Nyasaye, Mungu wangu! Mkono uko hai!"

"Sasa kaza," daktari akasema.

Nikakaza mpaka machozi yakatoka. Sauti haikubadilika hata kidogo.

Akachomoa sindano. "Msuli wenye afya ukipumzika, hunyamaza. Huu umeachwa na mshipa wake wa fahamu, unajiongelesha peke yake. Mshipa ulikatika. Huu mkono hautarudi, kijana. Mwambie Mama."

Mama ananiangalia, meno yote nje. Na mimi, mdomo wangu wa mzaha ulionichapisha viboko tangu darasa la kwanza, nikamwambia kwa Kijaluo, "Anasema tungoje."

Akamshukuru daktari kwa mikono miwili.

Wiki mbili baadaye baba mdogo akaja kuuliza nani atalima na ng'ombe msimu huu, ama plau yetu aende nayo kwa vijana wake.

"Mwenyewe si huyu?" Mama akamjibu. "Mkono wake umelia Homa Bay mpaka watu wa nje wakasikia."

Baba mdogo akanitazama. Nikaona ataamini chochote nitakachosema.

"Mama, ile kelele ya mashine ndiyo ilikuwa mbaya. Daktari alisema mkono umekufa."

Akangoja nicheke. "Wacha mzaha wako."

"Si mzaha."

Mama akasimama, akamwaga nje maji yote ya mtungi, akaubeba, akateremka mtoni peke yake kuteka mengine. Baba mdogo akaenda kutoa plau.