Siku Kavugho alipojaribiwa ualimu

Kavugho Vihamba, ambaye padri alimubatiza Angèle kabla Serikali ikataze majina ya kizungu ya namna hiyo, alikuwa binti wa Kasereka Vihamba, aliyeswaga ng'ombe kwa miguu toka Butembo mpaka Goma bila kupoteza hata ndama, na mujukuu wa Biira, aliyefyeka pori peke yake na kulisha ukoo muzima. Watu wa kazi, hao. Lakini masomo yalimushinda Kavugho. Alirudia darasa mara mbili, na examen d'État, mutihani wa mwisho wa sekondari, aliipita kwa kukwaruza: cinquante et un, hamsini na moja kwa mia.

Institut ya walimu ilitaka soixante, sitini. Waliokuwa chini walipewa nafasi moja tu, kufundisha somo mbele ya jury, watu wa kuwapima.

"Wakikukatala," baba alimwambia, "unaenda kuolewa Kiwanja. Mbuzi za mahari za yule muzee anayekutaka ziko hapa tayari."

Asubuhi ile alitembea kwa miguu toka kwao Mabanga mpaka shule ya Himbi. Nyuma ya darasa waliketi wawili: directeur wa institut, Muzee Mushagalusa, na Ntirenganya wa Chama tawala, citoyen kama watu wote walivyoitwa wakati ule, koti ya abacost imefungwa mpaka shingoni. Watoto wakasimama. Kavugho akainua mukono na, kabla ajue anachofanya, ukagusa paji la uso, kifua, bega hili, bega lile. Watoto wote wakafanya musalaba vilevile.

Sala ilikuwa imekatazwa shuleni mwaka ule. Mwalimu mumoja alichukuliwa na jeep ya askari kwa ajili ya kusali, na muke wake alikuwa angali anazunguka ofisi akiuliza yuko wapi. Chaki ikamuvunjikia Kavugho mukononi.

"Endelea, citoyenne," Mushagalusa alisema.

Alifundisha kugawanya. Akaita kabinti kamoja ubaoni. Kakakosea, darasa likacheka. "Mujinga!" Kicheko hicho Kavugho alikijua tangu utoto. Akasahau jury. Akachuchumaa karibu na mutoto: "Mama, ulikuwa unaelewa mpaka wapi? Nionyeshe na kidole." Wakaanzia pale, polepole, mpaka hesabu ikatoka.

Kisha akangoja inje, chini ya dirisha.

"Amefanya musalaba mbele ya macho yangu!" Ntirenganya alinguruma.

"Mimi nimeona anafukuza inzi."

"Inzi nne, Muzee? Na kila moja kwa pahali pake?"

"Citoyen, umefika Goma jana? Inzi za hapa hazina adabu."

Kavugho alitega sikio ukutani. Ndipo mutu wa Chama akacheka bila kupenda.

"Na points zake?"

"Mbaya sana. Lakini yule mutoto amejua kugawanya. Ninamupokea."

Mbuzi zikarudi Kiwanja. Woga haukurudi popote: mwaka muzima, jeep ikisimama karibu na institut, Kavugho alificha mukono wa kuume nyuma ya mugongo. Hata hivyo alimaliza, akafundisha mpaka nywele zikawa nyeupe.

Siku moja alimwita Kyakimwa, mutoto wa kaka yake, mwalimu naye.

"Binti ya Pascasie, jirani, ameanguka tena kwa mutihani wa ualimu. Anaogopa jury, anajifungia ndani. Umuchukue kwako, umufundishe."

"Shangazi, wakimukatala?"

"Utamufundisha tena. Anza leo."